Jina la Mvaa Vigae

9 Machi

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umeketi kibarazani na si kitandani, maana baba mdogo aliniandikia kwamba lile goti la kushoto limeanza tena ukaidi wake. Liambie kwamba lina mjukuu ofisini, naye anaweza kuliandikia barua ya onyo.

Mimi ni mzima. Chumba ni kilekile. Dirisha langu linatazama ukuta wa fundi cherehani, na kwa mlio wa mashine zake najua kumekucha bila kutazama saa. Mama mwenye nyumba anakusalimu ingawa hamjaonana. Balbu za ukumbini zimekuwa zikipotea, naye amewashuku wapangaji wote isipokuwa mimi. Alisema mbele ya watu, "Huyu anamwandikia bibi yake kila mwezi. Mwizi hana muda huo." Nilifurahi, halafu sikufurahi. Sijui kwa nini.

Kile kitabu cha majina ya wanyama nilichokueleza kimefika nusu. Kila mnyama ana ukurasa wake: anaitwaje katika lugha za hapa, anaitwaje na watu wa mbali, na kila jina limetoka wapi na lina maana gani. Mimi sikusanyi, napanga kadi na kusahihisha. Mkusanyaji ni Mzee Soli. Tunamwita hivyo kwa sababu anatembea kwa miguu kutafuta majina, na kila kiatu kinapokwisha anaing'oa soli na kuitundika kwa msumari ukutani nyuma ya meza yake, kama wenzake wanavyotundika vyeti. Ana sheria yake moja: jina halichukuliwi kwenye karatasi, linachukuliwa mdomoni. Mdomo mmoja ni uvumi. Akilisikia kwa wenyeji watatu, tena kila mmoja peke yake, ndipo anapoliandika. Kwa kila mdomo anaweka nukta moja ya wino wa bluu kwenye kona ya kadi.

Wiki hii nina ukurasa wa kakakuona mezani. Jina wanalomwita Waingereza walilipata kwenye lugha ya Kimalei, na maana yake ni yule anayejiviringisha. Wachina wanamwita deraya, yaani vazi la chuma la vitani, inayotoboa milima. Wajerumani hawakujisumbua, wamemwita mnyama wa magamba, basi. Na aliyempa jina la Kilatini, inasemekana alikuwa akifikiria mizimu. Kuhusu hili letu la Kiswahili, kila mtu ofisini ana ngano yake, na mimi sikutaka kuwa hakimu.

Sisi nyumbani tulimwita kwa lile neno ambalo kwa Kiswahili ni mvaa vigae. Nilitaka kukuuliza, kwa udadisi wangu tu: hilo ndilo jina lake, sivyo? Au ana lingine? Hakuna haraka. Ila ukinijibu kabla ya mwisho wa mwezi nitashukuru sana.

Nisalimie wote, na mbuzi mwenye mimba.

Mjukuu wako


28 Machi

Mume wangu wa karatasi,

Marahaba. Barua yako ilifika Jumanne ikiwa imekunjwa vizuri kama shati la mtu anayekwenda kuposa. Goti nimelisomea onyo lako. Limecheka.

Huku wazima. Baba yako mdogo amejenga choo kipya na mlango wake unafungukia ndani, kwa hiyo mtu mnene akiingia haufungi, na akiufunga hatoki. Nilimwambia, akasema mimi ni mkunga, si fundi. Nikamwambia ndiyo maana najua mambo ya kutoka. Mbuzi amezaa mapacha, mmoja mweupe na mmoja hajaamua. Jirani aliniuliza utaoa lini. Nimemjibu una mke tayari, na sijaugua kiasi cha kuachwa.

Hao Wachina wako wamenifurahisha. Aliyemwita mnyama yule deraya alimwona kwa macho yake, hakuhadithiwa.

Kuhusu hilo lingine, mwite ulivyozoea kumwita. Siku hizi haonekani tena huku tangu msitu wa ng'ambo ulipofyekwa. Asiyeonekana ataitwa aje kufanya nini?

Umeandika "hakuna haraka" halafu ukataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nimejaza madaftari ya kliniki miaka thelathini, mume wangu. Mwanamke alipokuja akasema hana haraka, nilikuwa nachemsha maji.

Kula vizuri. Barua yako ina jasho.

Bibi yako


14 Aprili

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimecheka kuhusu choo mpaka fundi cherehani akagonga ukuta. Nafurahi kuhusu mapacha. Huku mvua imeanza na dari ya ofisi inavuja juu ya kabati la herufi M mpaka P, kwa hiyo mbuni na nyati wamehamia kwa muda kwenye meza yangu.

Bibi, hukunijibu. Naomba unijibu. Nitakueleza kwa nini, maana naona udadisi peke yake haukutosha.

Mwezi wa pili tulipeleka kurasa za majaribio katika shule kadhaa ili walimu wazisome. Mwalimu mmoja wa upande wa kwetu, mgeni, ameandika barua. Mkuu wetu, ambaye hupigia mstari kila kitu kwa rula hata saini yake mwenyewe, alitukusanya akaisoma kwa sauti:

"Nilipowasomea wanafunzi jina mlilompa kakakuona kwa lugha ya hapa, walicheka hadi mmoja akaanguka na dawati. Wanasema mvaa vigae si jina la mnyama yeyote, ni wanavyosema wake wa nyumba moja. Jina lenyewe mlitafute ninyi. Mimi ni mwalimu wa hesabu."

Mpiga taipu wetu alicheka kwanza, halafu akaona uso wa Mkuu akageuza kicheko kuwa kikohozi. Mkuu akaagiza kadi iletwe. Kwenye kona ilikuwa na nukta tatu za bluu.

"Mzee," akasema, "hii ni kadi yako?"

Mzee Soli akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Macho yake si mazuri. "Imo kwenye sanduku langu," alisema.

"Sikuuliza sanduku."

"Nukta ni tatu." Akaigeuza, akairudisha upande wa kwanza. "Lakini huko nilirudi nusu njia, mguu ulivimba. Sikumbuki midomo mitatu. Sikumbuki kabisa."

"Kama hukumbuki hii, utakumbuka zipi?"

Mzee Soli akairudisha kadi mezani. Tangu siku ile anatoa kadi zake moja moja, anazitazama, anauliza watu, "Hivi hii nilikuambia niliipata wapi?" Jana aliniuliza mimi kama nadhani ameanza kusahau. Nilimwambia apumzike, anywe maji.

Kosa limefanywa na mtu fulani hapa ofisini. Kinachotakiwa sasa ni jina lenyewe na maana yake, ili kadi isahihishwe na mambo yaishe. Nilimwandikia baba mdogo, akanijibu kwa mstari mmoja: "Muulize mwenye nyumba." Mwenye nyumba ni wewe. Nakuomba.

Mjukuu wako


6 Mei

Mume wangu,

Marahaba. Wazima. Mlango wa choo umegeuzwa baada ya baba yako mdogo mwenyewe kukwama humo saa nzima. Sikusema neno. Nililala mapema ili nicheke nikiwa peke yangu.

Umeandika ukurasa mzima kuhusu kadi: ina nukta ngapi, imo sanduku gani, nani aliishika. Hukuandika nani aliijaza.

Mimi nami nilikuwa na madaftari. Kosa la daftarini halifanywi na "mtu fulani". Lina mkono.

Niambie nani alijaza kadi, ndipo nitaona kama nina la kusema.

Bibi yako


25 Mei

Bibi yangu,

Shikamoo. Sijui kama hapa kuna habari ya nyumbani ya kukuandikia kwanza. Mama mwenye nyumba amempata mwizi wa balbu, ni mume wake, alikuwa akizipeleka kwenye banda la kuku. Sasa ananisifu zaidi. Ananitolea mfano kwa wanawe.

Ni mimi, Bibi.

Ilikuwa Januari, asubuhi. Sanduku la Mzee Soli lilikuwa limesainiwa na linakwenda kwa mpiga taipu. Nililipitia kwa mara ya mwisho kuona kama kadi zimepangwa. Kadi ya kakakuona kwa lugha yetu ilikuwa tupu. Lugha zote za jirani zilikuwa na jina, hata ile yenye wazee wachache tu waliobaki. Yetu ilikuwa mstari mtupu. Niliona aibu kama mtu aliyekwenda arusini na shati lisilo na vifungo. Na mimi nilijua jina! Nilikua nalo. Nilikuwa nikilisikia kwako kabla sijajua kusoma. Nikasema moyoni, kwa nini kitabu kikose neno ambalo mimi ninalo mdomoni?

Basi nikaliandika, kwa herufi kubwa kama anavyoandika yeye. Kisha nikaona kadi isiyo na nukta itarudishwa. Kalamu ya bluu ilikuwa mezani kwake, yeye alikuwa amekwenda kunawa. Nikaweka moja. Bibi, nukta moja ingekuwa kweli, kwa sababu nililisikia kwa mdomo mmoja, wako. Lakini mkono ulikuwa umeshaanza, nikaweka na zile mbili.

Wiki iliyopita Mkuu alimwambia Mzee Soli akae nyumbani mpaka kikao cha tarehe 20 Julai. Kadi zake zote, kazi ya miaka kumi na mmoja, zimefungwa kamba na kuandikwa "hazijathibitishwa". Wakiamua zote ni za kubuni, zitachomwa, kwa sababu kabati linavuja na nafasi hakuna. Alipoondoka aling'oa soli zake ukutani, akazitia kwenye mfuko wa karatasi. Misumari aliiacha. Nakaa ninaitazama.

Mbaya zaidi hajui. Angekasirika ningepumua. Lakini anaamini ni kichwa chake. Aliniaga akasema, "Kijana, ukiona nimesahau jina lako siku moja, usinionee haya, niambie tu." Nikamwambia, "Sawa, Mzee." Hayo ndiyo maneno niliyoweza.

Nilidhani nikipata jina la kweli kutoka kwako, nitalipenyeza, kadi itasahihishwa, Mzee atarudi, na hakuna atakayeuliza nani. Umeniuliza nani. Nimekujibu, na wewe ndiye wa kwanza. Sasa nipe jina, Bibi. Kikao kina wiki nane.

Mjukuu wako


2 Julai

Bibi,

Shikamoo. Nimehesabu siku. Barua yangu ilichukua wiki moja kukufikia, labda siku kumi. Yako ingechukua hivyo hivyo. Kila asubuhi namuuliza tarishi, ananijibu bila kuinua kichwa: "Za kwako hakuna." Jana aliongeza, "Huyo mchumba ameshaolewa, kaka, tulia."

Nilidhani unaumwa. Nikamwandikia baba mdogo kadi ya haraka, akajibu kwamba u mzima, goti limepoa, na barua yangu uliijibu, maana yeye mwenyewe alikupeleka posta. Sielewi. Kama ulijibu, iko wapi? Labda baba mdogo ananificha. Labda uliandika ukaichana. Sitakulaumu. Nilikuomba kitu nikiwa mwongo, na mwongo hana haki ya kujibiwa kwa wakati.

Huku kila mtu amezoea kutokuwepo kwa Mzee Soli, hilo ndilo linalonitisha. Mpiga taipu ameweka chungu cha maua kwenye meza yake. Juzi nilikwenda kwake. Anaishi chumba kimoja nyuma ya ghala la mbao. Nilikusudia kumwambia. Nilimkuta amejiandikia majina ya wajukuu wake kwenye karatasi, ameibandika ukutani karibu na kitanda, na anaikariri kama mtoto wa shule. Ameipa kila mjukuu nukta tatu. Nilikaa robo saa, nikasifu chai, nikaondoka.

Unaniona nilivyo.

Kikao ni tarehe 20. Sina jina la kupeleka. Nina mkono tu, kama ulivyosema.

Mjukuu wako


11 Juni

Mjukuu wangu,

Marahaba. Leo sikuiti mume wangu, utaona sababu. Wazima. Yule mbuzi ambaye alikuwa hajaamua ameamua kuwa mweusi.

Umenijibu vizuri. Imekugharimu, nimeona, kalamu imetoboa karatasi mahali pawili. Basi na mimi nitajibu, na usidhani nimekuzidi ujasiri. Nimeianza barua hii mara nne.

Wale watoto wa shule wamesema kweli. Mvaa vigae ni neno langu mimi. Baba mkwe wangu, babu yake marehemu baba yako, aliitwa kwa jina la mnyama yule. Wazazi wake walikuwa wamezika watoto wawili kabla yake. Wakampa jina la mnyama ambaye hata simba akimkamata hawezi kumfungua, ili kifo nacho kishindwe. Maana yake ndiyo hiyo, iandike: asiyefunguka. Na mkazamwana hatamki jina la baba mkwe wake, hata likiwa la mnyama, la mti au la siku. Hilo nililijua kabla sijaolewa. Mimi ndiye niliyetunga mvaa vigae, na wanangu wakalinyonya kwangu, na wewe baada yao.

Kama ingekuwa hivyo tu, ningekujibu Machi. Mimi ni mkunga, nimetaja mambo mengi yasiyotajwa.

Nilikuwa na mwezi mmoja katika nyumba hii. Nilikuwa napepeta nafaka uani, wakwe wameketi, na mnyama yule akatoka nyuma ya ghala akija moja kwa moja miguuni pangu. Nilikuwa msichana. Nilipiga kelele, na kelele iliyonitoka ilikuwa jina. Baba mkwe hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Aliweka sahani chini, akainuka, akachukua kigoda chake, akahamia upande wa mke wake mkubwa. Miaka sita hakula chakula changu. Nilizaa watoto watatu, hakuja kuwatazama. Nilikuwa nikipita mbele yake nimeinama, naye anatazama mlima.

Halafu akaugua, na mke mkubwa alikuwa ameshakufa, na mwenye ujuzi wa kuuguza nyumba hii nilikuwa mimi. Nilimwosha, nilimgeuza. Alikuwa amekuwa mdogo, amejikunja kitandani, magoti kifuani. Siku mbili kabla hajafa alinishika mkono akasema, "Mwanangu, niite." Nikamwambia, "Nakuita, baba." Akasema, "Siyo hivyo. Niite kwa jina. Nimekuruhusu. Ulikuwa mtoto, uliogopa, na mimi nilikuwa mtu mzima." Nilisikia vizuri. Chumbani hakukuwa na mtu mwingine. Nilimpa maji. Jina sikumpa. Miaka sita ilikuwa imenikaa kooni, nikataka aionje kidogo. Nilisema moyoni, kesho. Kesho yake hakuwa na masikio ya kusikia.

Watu wote wanadhani sitamki kwa heshima. Wananisifu, kama yule mama mwenye nyumba anavyokusifu wewe.

Sasa sikiliza la mwisho. Ulipozaliwa, mimi ndiye niliyekupokea na mimi ndiye niliyejaza daftari la kliniki. Baba yako alisimama mlangoni akatamka jina lako, jina la babu yake. Kalamu ilikuwa mkononi. Nikaandika lingine, hilo unalotumia mpaka leo. Baba yako alilisoma, akanitazama, akanyamaza, na nyumba nzima ikanyamaza pamoja naye. Ndiyo maana maisha yako yote nimekuita mume wangu. Ni utani wa bibi na mjukuu, ndiyo, na nilikupenda. Lakini pia nilikuwa najificha. Wewe ulijaza kadi iliyokuwa tupu. Mimi niliandika uongo mahali ambapo ukweli ulikuwa umesimama mlangoni unanitazama.

Kinywa changu bado hakiliwezi. Nimejaribu leo jikoni, peke yangu, likaishia kwenye meno. Lakini mkono umeweza. Nimeliandika juu ya bahasha badala ya jina lako la daftarini, ili kila atakayeishika njiani, wa posta, wa basi, wa mlangoni kwenu, alisome kwa sauti akuulizie. Kila atakayelisema atakuwa amenisaidia.

Usiwape hilo jina ili kujificha nyuma yake. Kawaambie nani, kwanza. Mimi nilikuwa na siku mbili nikazipoteza. Wewe una wiki tano.

Bibi yako


25 Julai

Bibi yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena, kwa zile nilizokusalimia nikikulaumu.

Barua yako ya tarehe 11 Juni nimeipata juzi. Haikupotea. Ilifika ofisini Juni ileile. Tarishi aliisoma, akaenda chumba hadi chumba akiuliza, na kila mtu akamwambia hapa hakuna mtu wa jina hilo. Aliuliza hata chumbani kwetu. Nakumbuka! Nilikuwa nimeinamia ukurasa wa kanga. Niliitwa kwa jina langu, Bibi, na sikugeuka. Akaibandika kwenye ubao wa barua zisizo na mwenyewe, kando ya mlango wa ngazi, upande wa nyuma ukitazama watu, kwa sababu gundi ilishika upande wa mbele. Nimepita mbele yake mara nne kwa siku, mwezi mzima.

Kwa hiyo nilikwenda kwenye kikao bila kitu. Nataka ulijue hilo, si kwa kujisifu. Kama ningekuwa na jina mfukoni, najijua, ningelitoa kwanza na la pili ningelimeza.

Mkuu alikuwa na kadi mbele yake na rula juu ya kadi. Mzee Soli aliketi mwisho wa meza amevaa koti. Alipoulizwa, alisimama akasema, "Nadhani ni kweli nimezeeka. Lakini nakuombeni msichome zile nyingine. Nyingine nazikumbuka." Hapo nikasema. Sikusimama. Nilisema, "Kadi niliijaza mimi. Na nukta ni zangu."

Mkuu alisema, "Ngapi kati ya hizo?"

"Zote tatu."

Mzee Soli alinigeukia na sikuona hasira usoni mwake. Alifunika macho kwa kiganja, akakaa hivyo, na tulipodhani analia tukasikia anataja majina. Alikuwa anataja wajukuu wake, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Halafu akaondoa kiganja akaniambia, "Miezi mitatu. Miezi mitatu nimeogopa kichwa changu mwenyewe, na wewe umekuja kwangu ukasifu chai."

Kadi zake zimefunguliwa kamba. Mimi nimeondolewa kwenye kitabu. Kuanzia katikati ya mwezi ujao nitakuwa kwenye ghala la mafaili ya zamani, na barua ya onyo iko kwenye faili langu, imepigiwa mstari kwa rula. Ni haki. Mama mwenye nyumba sijamwambia, lakini nitamwambia, anitoe kwenye mifano yake.

Juzi Mzee Soli alirudi na mfuko wake wa karatasi kuzitundika soli. Mimi nilikuwa kwenye ngazi nabeba maboksi. Alisimama mbele ya ule ubao, akaibandua ile bahasha, akaigeuza, akaisogeza karibu na jicho. Akalisoma kwa sauti kubwa, polepole, kama anavyosoma yeye. Akasema, "Hili ni jina la yule mnyama. Nililisikia ng'ambo ya mto kwa bibi kizee mmoja, mdomo mmoja tu, ndiyo maana niliacha kadi tupu. Nani humu anaitwa hivi?"

Niliutambua mwandiko wako toka ngazi ya tatu. Nikasema, "Mimi, nadhani."

Niliisoma nimeketi kwenye boksi. Nilimwomba ruhusa nikamsomea sehemu ya maana ya jina. Sehemu nyingine ni zako. Aliposikia "asiyefunguka" alisema kwamba Wamalei nao wanasema anayejiviringisha, na kwamba watu wa mbali sana walimwona mnyama uleule akifanya jambo lileile. Nikamuuliza kama sasa ataijaza kadi, kwa kuwa ameliona kwa mwandiko wa mwenyeji. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto anayerudia kosa.

"Jina halichukuliwi kwenye karatasi," alisema. "Ng'ambo ya mto ulikuwa mdomo wa kwanza. Baba yako mdogo atakuwa wa tatu, akipata ruhusa ya mama yake. Wa pili anajulikana."

Anakuja huko, Bibi. Mguu umepona. Hajanisamehe, na amesema hivyo waziwazi, lakini amesema nina likizo ya wiki moja kabla ya ghala na mtu wa kumwonyesha njia anamhitaji. Tutafika karibu tarehe 8 Agosti, mchana, tukiwa wachafu. Ataketi uani na kadi yake na kalamu ya bluu, atakuuliza swali lake kama anavyowauliza watu wote, na hataandika mpaka asikie.

Najua likifika kwenye meno linagoma. Ndiyo maana nakuandikia mapema. Usimtaje mnyama. Usimtaje hata baba mkwe wako, kama bado ni mzito. Mimi nitabaki nje na mizigo. Nitasimama mlangoni, mahali aliposimama baba, na sitaingia mpaka niitwe kwa lile jina la bahasha.

Niite mimi.

Mjukuu wako